Gesti ya Bethlehemu haimo katika Injili

Nilikuwa na miaka tisa nilipopewa nafasi yangu ya kwanza katika igizo la Krismasi usharikani kwetu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Niliigiza mwenye gesti. Maneno yangu yalikuwa mawili tu: "Hakuna nafasi!" Yusufu akagonga, nikafungua, nikamtazama Mariamu aliyejifunga mto tumboni kwa kanga ya mama yake, nikasema maneno yangu, nikafunga mlango wa maboksi. Kanisa zima likaguna. Baada ya hapo mhubiri akauliza ni wangapi kati yetu wamemfungia Yesu mlango kama yule mtu mwenye roho ngumu. Nilikuwa bado nimevaa kilemba cha igizo, na niliona macho yote yamenigeukia.

Nimekua, nimesoma Luka sura ya pili polepole, mstari kwa mstari, nikimtafuta yule mtu. Hayumo. Hakuna mlango uliogongwa, hakuna usiku wa kuhangaika mjini mama akiwa na uchungu. Luka anasema, "Ikawa, katika kukaa huko, siku zake za kuzaa zikatimia." Katika kukaa huko. Walikuwa wameshafika, wamekaa, siku zimepita. Mtu aliyefika saa hiyo hiyo na kuanza kuzunguka akitafuta pa kulala hasemwi hivyo.

Kilichomleta mwenye gesti katika maigizo yetu ni maneno matatu ya mstari wa saba: "nyumba ya wageni". Kwa Kiyunani, lugha aliyoandikia Luka, ni neno moja, kataluma. Neno hilo hilo Luka analitumia tena katika sura ya 22, Yesu anapowatuma wanafunzi wakatafute mahali pa kula pasaka, na huko Biblia yetu ya Union inasema "chumba cha wageni". Kinyume chake, katika sura ya 10, Msamaria anapompeleka yule majeruhi mahali pa kulipia, Luka anatumia neno jingine kabisa, pandokheion, na pale pana mwenye nyumba anayepokea dinari mbili mkononi. Huyo ndiye mwenye gesti wa kweli katika Injili ya Luka, na alimpokea mgeni. Kwa hiyo Luka alizijua sehemu zote mbili na alikuwa na jina la kila moja. Kiswahili chetu kilizichanganya pale Bethlehemu, kama Kijerumani cha Luther na tafsiri nyingine nyingi za Ulaya zilivyokwisha kufanya kabla yake.

Si wataalamu wote wanaokubaliana juu ya hili, maana kataluma laweza pia kuwa mahali popote msafiri anapofikia. Mimi nimeshawishika na wale wanaosema ni chumba cha wageni katika nyumba ya ndugu, na kinachonishawishi zaidi ni mila kuliko sarufi. Yusufu anakwenda Bethlehemu kwa sababu ni mtu wa mbari ya Daudi. Anakwenda kwao. Katika jamii ile, mtu kufika kijiji cha ukoo wake na mke mjamzito kisha akalale kwa kulipia ingekuwa aibu ya ukoo mzima. Sisi tunajua jambo hilo bila kufundishwa. Mchagga akipanda Moshi mwezi wa Desemba hatafuti hoteli mjini. Anakwenda kihambani, kwenye shamba la ukoo, na akikuta vyumba vimejaa kaka na shemeji waliotangulia, ataambiwa asogee, watoto watatandikiwa chini, na mwenye mtoto mchanga atatafutiwa pembe yenye joto.

Nayo pembe yenye joto ilikuwa wapi? Nyumba za wakulima wa vilima vya Uyahudi zilikuwa na chumba kimoja kikubwa, watu wakilala sehemu iliyoinuka na wanyama wakiingizwa usiku upande wa chini. Nyingine zilijengwa kwa kuegemea pango, na pango likawa zizi. Hori lilikuwa humo humo ndani ya nyumba. Msomaji wa Ulaya ya leo anaposikia "hori" anawaza banda la mbali, nje, baridini. Wazee wetu wasingewaza hivyo. Nyumba ya msonge ya Kichagga ilikuwa na ng'ombe na mbuzi ndani, jiko katikati, na watu upande wao, na usiku wa baridi ya mlimani pumzi ya ng'ombe ilikuwa sehemu ya blanketi. Mtoto kulazwa karibu na majani ya ng'ombe kulimaanisha nyumba imejaa. Hakukumaanisha kwamba ametupwa.

Hata mapokeo ya pango hayagombani na picha hii. Yustino Mfiadini, mwandishi Mkristo aliyekuwa mzaliwa wa nchi ile ile, anataja pango la Bethlehemu katikati ya karne ya pili. Origene, mwalimu wa Kanisa la kale, naye analitaja karne iliyofuata. Juu ya pango hilo Kaisari Konstantino alijenga kanisa katika karne ya nne, na lile lililopo leo, ambalo msingi wake ni kazi ya Kaisari Yustiniano wa karne ya sita, bado lina ngazi za kushukia pangoni.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu kila Desemba, kutoka mimbari nyingi, watu wa Bethlehemu wanahukumiwa kwa kosa ambalo maandiko hayawashitaki. Ukitaka ishara ya umaskini wa familia ile, Luka anayo, ila iko mbele kidogo, mstari wa 24, ambao maigizo yetu huwa yameshakwisha kabla ya kuufikia. Mariamu anakwenda hekaluni kwa utakaso na sadaka yake ni hua wawili au makinda ya njiwa wawili. Sheria katika Walawi sura ya 12 ilitaka mwana-kondoo, na ndege waliruhusiwa kwa mama asiyekuwa na uwezo wa kondoo. Hapo Luka hapigi kelele. Anataja ndege tu, na aliyeijua Torati akaelewa.

Ona pia kwamba hua hao hawakai vizuri na dhahabu ya mamajusi. Mama mwenye dhahabu angenunua kondoo. Lakini mamajusi ni wa Mathayo na hua ni wa Luka, na sisi tumezoea kuzikoroga hadithi mbili katika chungu kimoja hadi tumesahau kwamba ni mbili. Kwa Mathayo hakuna safari ya kwenda Bethlehemu, hakuna hori, hakuna wachungaji. Mamajusi wanaingia "nyumbani", na Mathayo hasemi walikuwa watatu wala hasemi walikuwa wafalme. Watatu tumewapata kwa kuhesabu zawadi, ufalme tumeutoa katika Zaburi ya 72 na Isaya 60. Kwa Luka hakuna nyota, hakuna kukimbilia Misri. Baada ya mambo ya hekaluni familia inarudi Nazareti, kwao. Kwa Mathayo Nazareti ni mahali wanapohamia baadaye, kwa kuogopa.

Wapo wanaoona hofu kubwa katika tofauti hizi. Mimi naziona kama za mashahidi wawili ambao hawakuketi pamoja kupatanisha maneno. Na mashahidi wa namna hiyo wanapokubaliana, sikio husimama: mama ni Mariamu, mposaji ni Yusufu wa ukoo wa Daudi, mimba si ya Yusufu, mahali ni Bethlehemu, malezi ni Nazareti, na wakati ni wa Herode.

Wakati wa Herode ndipo penye fundo. Luka anatuambia kwamba orodha ya majina iliandikwa "hapo Kirenio alipokuwa liwali wa Shamu". Nalipenda sana neno hilo, liwali. Wafasiri walichukua cheo ambacho watu wa pwani walikijua, ofisa wa Sultani wa Zanzibar, wakampa Mrumi. Lakini huyo liwali tunamjua vizuri nje ya Biblia. Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, anaeleza kwamba Kirenio alikuja Shamu, yaani Siria, baada ya Arkelao mwana wa Herode kuondolewa madarakani, ili athamini mali za Uyahudi kwa ajili ya kodi, na anautaja mwaka: wa 37 tangu Kaisari Augusto amshinde mpinzani wake Antonio huko Actium. Hiyo ni mwaka 6 BK. Herode Mkuu alikufa mwaka 4 KK. Kati ya mfalme na orodha pana takriban miaka kumi.

Watu wamejaribu kuziba pengo hili kwa kila namna. Wengine wanasoma Kiyunani kana kwamba kinasema orodha "iliyotangulia" ile ya Kirenio. Wengine wanapendekeza Kirenio aliwahi kutawala Shamu mapema zaidi. Nimezisoma hoja hizo kwa moyo wa kutaka zifaulu, na hazijanitosheleza. Naona Luka ameunganisha mambo mawili yaliyotengwa na miaka kumi, na nayasema haya nikiwa Mkristo ninayeungama imani kila Jumapili.

Wala simwoni kuwa mwongo. Bibi yangu aliulizwa alizaliwa lini, akajibu mwaka wa nzige. Ukifuata nyaraka unaweza kukuta nzige walipita akiwa tayari anatembea. Kwa watu wasiohesabu kwa kalenda, tukio kubwa linalokumbukwa kwa uchungu huvuta kwake mambo yote yaliyotokea karibu nalo, kama mto unavyovuta vijito. Orodha ya Kirenio ilikuwa tukio la namna hiyo. Ndiyo siku Uyahudi uliacha kuwa na mtawala wake, hata wa bandia, ukawa shamba la Kaisari linalopimwa na kutozwa. Babu zetu walipoanza kutozwa kodi ya nyumba na Wajerumani mwaka 1898, hakuna aliyeona kuhesabiwa vibanda kama kazi ya takwimu. Vivyo hivyo Wayahudi. Yuda Mgalilaya aliinua watu akisema kulipa kodi ile ni utumwa na kwamba Bwana wao ni Mungu peke yake. Luka anamjua mtu huyo. Katika Matendo 5:37 anamtaja kwa jina, "siku zile za kuandikwa orodha".

Sasa rudi usome kisa cha Krismasi ukiwa na jambo hilo kichwani. Siku zile zile ambazo Mgalilaya mmoja alikataa kuandikwa akashika silaha, Luka anamweka Mgalilaya mwingine njiani, seremala asiye na neno hata moja la kusema, anakwenda kuandikwa. Luka alikuwa anaandikia wasomaji walioishi chini ya Roma, baada ya vita vilivyobomoa Yerusalemu mwaka 70, wakati jina la Myahudi wa Galilaya aliyesulubiwa lilikuwa rahisi kushukiwa uasi. Mtoto huyu, Luka anaonyesha, hakutoka katika nyumba ya waasi.

Kuhusu watu kwenda kila mmoja mjini kwao, Warumi kwa kawaida walitaka kujua mali iko wapi, hawakujali babu wa miaka elfu moja alizaliwa wapi. Hata hivyo safari zilikuwapo. Mwaka 104 BK liwali wa Misri, Vibius Maximus, alitoa amri iliyohifadhiwa katika karatasi ya mafunjo, akiwataka walio mbali na makwao warudi kwa ajili ya kuandikwa kwa kaya. Mwaka 127 mwanamke mmoja Myahudi, Babatha, alisafiri hadi mji wa Rabbath kuandikisha mashamba yake ya mitende, na nyaraka zake zilikutwa pangoni karibu na Bahari ya Chumvi. Huenda Yusufu alikuwa na kipande cha ardhi Bethlehemu. Luka hakusema, na mimi naishia hapo.

Kuna jambo ambalo mahubiri yetu hulipita haraka mno. Mwaka 9 KK miji ya Kiyunani ya jimbo la Asia, Uturuki ya leo, iliamua mwaka wao uanze siku ya kuzaliwa kwa Augusto. Tangazo lilichongwa kwenye mawe, na nakala maarufu ilipatikana Priene, mmoja wa miji hiyo. Linamwita Augusto mwokozi, aliyekomesha vita, na linasema siku ya kuzaliwa kwa mungu huyo ilikuwa mwanzo wa habari njema kwa ulimwengu. Neno ni lile lile tunalolitafsiri "injili". Sasa sikiliza malaika wa Luka makondeni: "ninawaletea habari njema ya furaha kuu itakayokuwa kwa watu wote, maana leo katika mji wa Daudi amezaliwa, kwa ajili yenu, Mwokozi, ndiye Kristo Bwana." Habari njema, kuzaliwa, mwokozi, bwana, kisha amani duniani. Karibu kila neno lilikuwa limekwisha kutumika kwa Kaisari. Mtu wa Efeso aliyesikia mistari hiyo ikisomwa kwa mara ya kwanza hakusikia wimbo wa kubembeleza mtoto. Alisikia kwamba vyeo vya Kaisari vimevishwa mtoto aliyelazwa katika hori, katika kijiji ambacho Kaisari hakuwahi kukiona, na kwamba amri ya Kaisari mwenyewe ndiyo iliyomfikisha pale.

Mathayo naye ana mfalme wake, na kwake mfalme huyo yuko karibu zaidi. Herode alipewa ufalme na baraza la Roma mwaka 40 KK, akaupata kwa vita miaka mitatu baadaye, na akautunza kwa kuua. Alimuua mkewe Mariamne. Aliwaua wanawe Aleksanda na Aristobulo. Siku tano kabla ya kufa kwake mwenyewe alimuua mwanawe Antipatro. Kilomita zipatazo tano kutoka Bethlehemu alijijengea Herodioni, ngome juu ya kilima, na kaburi linaloaminiwa kuwa lake lilitangazwa kupatikana huko na mwanaakiolojia Ehud Netzer mwaka 2007. Ukisimama Bethlehemu unakiona kilima hicho. Mtoto aliyezaliwa pale alizaliwa chini ya macho ya mfalme, na hili si fumbo la kishairi, ni ramani.

Ndiyo maana Mathayo anasema Herode alifadhaika "na Yerusalemu pia pamoja naye". Kwa nini Yerusalemu ifadhaike kwa kusikia Masihi amezaliwa? Kwa sababu watu wa mji ule walijua Herode akishikwa na hofu ni damu ya nani itamwagika.

Mauaji ya watoto wa Bethlehemu hayamo kwa Josephus, ingawa aliandika maovu ya Herode kwa kirefu. Wanaoyakana wana hoja. Wanaoyatetea wanasema kijiji kilikuwa kidogo na watoto wachache wa kiume wasingefika kwenye vitabu vya wakuu, nao wana hoja. Liturujia ya Kibizanti, ya makanisa ya Mashariki, ilifikisha idadi 14,000, na hiyo haiwezekani kwa kijiji kile. Mathayo hataji idadi. Anachokifanya kwa makusudi ni kutukumbusha Farao na watoto wa Kiebrania. Kuna alama ndogo inayomfichua: malaika anamwambia Yusufu "wamekufa walioitafuta roho ya mtoto". Wamekufa, kwa wingi, wakati aliyekufa ni Herode mmoja. Wingi huo umetoka katika kitabu cha Kutoka 4:19, Mungu anapomwambia Musa arudi Misri kwa kuwa waliomtaka wamekufa. Mathayo amebakiza sarufi ya hadithi ya zamani ili msikilizaji Myahudi atambue sauti. Kama mauaji yale yalitokea, siwezi kuthibitisha. Kwamba Mathayo ameyasimulia kwa umbo la Musa, hilo liko wazi.

Lakini mahali ambapo historia inanishika koo ni mistari inayofuata, ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa. Yusufu anarudi kutoka Misri, anasikia Arkelao anatawala Uyahudi mahali pa babaye, na anaogopa kwenda huko. Mathayo haelezi kwa nini. Josephus anaeleza. Sikukuu ya pasaka ya kwanza baada ya baba yake kufa, Arkelao aliwatuma askari hekaluni wakaua watu wapatao 3,000. Machafuko yakaenea, na Varo, liwali wa Shamu wa wakati huo, akashuka na majeshi, akasulubisha watu wapatao 2,000. Kwa mujibu wa Josephus, Sefori, mji wa Galilaya ulio kilomita kama sita kutoka Nazareti, ulichomwa na wakazi wake kuuzwa utumwani. Galilaya ambako familia ilikimbilia ilikuwa na nguzo za moshi wake. Baba anachagua kati ya hatari mbili ile iliyo ndogo. Wasomaji wa Kigoma, wa Uvira, wa Bujumbura hawahitaji nieleze hesabu ya namna hiyo inavyopigwa usiku, mtoto akiwa mgongoni.

Tarehe nazipitia kwa haraka, kwa sababu ndizo zinazobishaniwa zaidi na zinazotufaa kidogo zaidi. Mwaka wetu wa kwanza ulipangwa na mtawa Dionysius Exiguus mnamo 525, na kwa kuwa Herode alikufa 4 KK, Yesu alizaliwa kabla ya "Kristo" wa kalenda. Tarehe 25 Desemba inaonekana katika orodha ya Kirumi ya mwaka 354. Je, ilitoka kwa sikukuu ya jua, au kwa kuhesabu miezi tisa kutoka 25 Machi? Wataalamu bado wanavutana. Waethiopia na Wakopti wanasherehekea tarehe 7 Januari. Injili hazina tarehe.

Mwaka huu nimepewa mimi kuandaa igizo la watoto. Nimefuta nafasi ya mwenye gesti. Mahali pake nimeweka bibi wa nyumba, mwanamke mtu mzima anayeamrisha watu wasogee, anayewatoa wanaume nje, anayemtuma mjukuu akatikise majani makavu horini na kuwasukuma mbuzi upande wa pili. Mvulana ambaye angekuwa mwenye gesti ndiye mjukuu, na ana maneno matano badala ya mawili. Kuhusu mamajusi bado hatujaelewana. Watoto wameshashona mataji, na wazazi wanataka waingie usiku uleule pamoja na wachungaji. Nimewakubalia mataji. Wataingia baada ya kwaya kuimba mara mbili, Mariamu akiwa ameketi ndani ya nyumba, mtoto ameshaanza kushika vitu, na Yusufu yuko mlangoni anatazama kilima cha mfalme.